Kwa nini mboji yako haiivi: mwongozo kamili wa rundo moja, kuanzia mabua hadi shimo la mahindi

Tangu mavuno ya Agosti nimeletewa swali lilelile kwa sura nyingi. Mtu amerundika mabua nyuma ya nyumba, akamwaga mbolea ya boma juu, akafunika kwa majani ya ndizi, akangoja. Miezi mitano baadaye anafukua na kukuta mabua yaleyale, makavu, na mchwa wamehamia ndani. Mwingine anakuta uji mweusi unaonuka kama mayai viza. Wote wawili wanaamua kwamba mboji ni kazi ya watu wa semina, na wanarudi kwa mbolea ya dukani.

Nimesimama kando ya marundo mengi kati ya Luanda, Emuhaya na Maseno, huku magharibi mwa Kenya. Karibu kila lililoshindikana lilikosa kimoja kati ya vitu vitatu: maji, hewa au majani mabichi. Hakuna dawa ya chupa itakayoziba pengo hilo, na zipo zinazouzwa kwa ahadi hiyo.

Mwongozo huu ni wa rundo moja la mita moja na nusu kila upande. Ukilijenga wiki ya kwanza ya Desemba, mboji itakuwa tayari mwishoni mwa Februari, mvua ndefu zikiwa zinakaribia.

Nitasema mara moja tu kwa nini jambo hili liko moyoni mwangu. Huku Vihiga shamba la babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, na wengi sasa tunalima nusu ekari au chini yake. Ardhi haiongezeki. Kilichobaki cha kumwachia mtoto ni rutuba iliyomo ndani ya hiyo nusu ekari, nayo inaondoka kila mvua kubwa inaponyesha. Mito ya Yala na Nzoia inaishusha Ziwa Victoria ikiwa tope jekundu, na virutubisho hivyohivyo vinakwenda kunenepesha magugumaji ya ziwa hilo. Udongo wenye mboji hunywa maji na kushikana, kwa hiyo hauchukuliwi kirahisi.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Usianze kujenga ukiwa na nusu ya vitu ukitarajia kutafuta vingine kesho. Rundo lililojengwa vipandevipande kwa wiki mbili halipati joto.

- Mabua ya mahindi, nyasi kavu, maganda ya maharagwe: kiasi cha kujaza wilbaro 12 hivi yakishakatwa.
- Majani mabichi: wilbaro 6. Bora kuliko yote ni alizeti ya pori, ile mimea ya uani yenye maua ya manjano na majani machungu. Kaliandra, majani ya maharagwe na magugu yasiyo na mbegu pia yanafaa.
- Mbolea ya boma au ya kuku: wilbaro 3.
- Udongo wa juu, mweusi, kutoka chini ya migomba: karai 4. Ukiwa na mboji ya zamani, ni nzuri zaidi.
- Majivu ya jikoni: gorogoro moja kwa rundo zima, yasizidi.
- Maji: jerikeni 12 hadi 15 za lita 20.
- Panga kali, jembe la meno, karai, ndoo au kopo la kumwagilia.
- Kijiti kirefu kilichonyooka, cha mita mbili hivi.
- Majani ya ndizi au magunia ya kufunikia.
- Gambuti, na leso ya kufunga puani siku ya kugeuza.

Naona wengi wakishangaa hesabu ya maji. Jerikeni 12 ni mzigo, hasa Desemba visima vinaposhuka. Lakini hapo ndipo marundo mengi yanapofia, kwa hiyo afadhali ujenge rundo baada ya mvua za mwisho za Novemba, mabua yakiwa yamelowa yenyewe, kuliko kungoja Januari.

## Visivyoingia kabisa

Mabua yenye kayongo. Yale magugu ya maua ya zambarau yanayonyonya mahindi hutoa mbegu ndogo kama vumbi, na mmea mmoja hubeba maelfu kwa maelfu. Mbegu hizo hukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikingoja. Katikati ya rundo zitaungua, lakini za pembeni zitapona, nawe utazipanda kwa mikono yako shambani kote. Kayongo ing'olewe kabla ya kuchanua, kisha ichomwe.

Viazi, nyanya au migomba iliyonyauka kwa ugonjwa. Sababu ni ileile ya pembeni.

Majani ya mikalatusi. Yana mafuta yanayozuia vijidudu kufanya kazi na huchelewesha rundo zima.

Nyama, mafuta ya kupikia, kinyesi cha mbwa na paka. Nyama na mafuta huita panya na mbwa. Kinyesi hicho kina minyoo inayoweza kumwingia mtoto anayecheza shambani.

Nailoni, betri, nyasi zilizonyunyiziwa dawa ya magugu. Kama unachukua masalio ya mboga soko la Kibuye, Kisumu, baada ya Jumapili, mwaga kila gunia chini na kuchambua kwa mkono kabla halijafika kwenye rundo. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapotoka, lakini gunia la sokoni bado utalikuta na vifuniko vya chupa na nyuzi za nailoni. Kazi hiyo haipotei bure. Mboga zikitupwa jaani na kufukiwa bila hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa miaka 100 hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko kiasi hichohicho cha kaboni dioksidi.

## Hatua ya 1: Chagua mahali

Tafuta kivuli, karibu na maji na karibu na shamba. Kando ya migomba ni pazuri sana, kwa kuwa chochote kitakachochuruzika kutoka kwenye rundo kitainywesha migomba. Epuka mkondo wa maji ya mvua, na kaa mbali na kisima.

Usijenge chini ya mkalatusi. Mizizi yake itapanda ndani ya rundo na kunywa kila tone ulilobeba.

## Hatua ya 2: Kata na uloweshe mabua

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua.

Bua la mahindi lina ngozi ngumu. Vijidudu vinavyoozesha huingia kupitia penye jeraha, hivyo bua zima lenye urefu wa mita mbili lina milango miwili tu. Likate vipande vya urefu wa kiganja na milango inakuwa mingi. Pia bua zima huacha mapango makubwa ndani ya rundo, joto linatorokea humo na maji yanapita moja kwa moja hadi chini.

Kama mkono umechoka, iko njia ya wazee ambayo naipenda kuliko panga. Tandaza mabua ndani ya boma la ng'ombe kwa wiki moja au mbili. Ng'ombe watayakanyaga na kuyapasua, watayalowesha kwa mkojo, na mkojo huo una naitrojeni ambayo vinginevyo ingepotea ardhini. Mabua yaliyolaliwa na ng'ombe huiva mapema kuliko yaliyokatwa kwa panga peke yake.

Usiku wa kuamkia siku ya kujenga, mwagia lundo la mabua jerikeni 4 au 5 na ulifunike. Bua kavu halinywi maji papo hapo. Ukilimwagia dakika ileile unayolipanga, maji yatateleza juu ya ngozi yake na kuishia chini.

Dalili ya kufaulu: asubuhi ukikunja kipande cha bua kinapinda badala ya kuvunjika kwa kishindo.

## Hatua ya 3: Tengeneza kitanda

Lima eneo la mita moja na nusu kwa moja na nusu, kina cha jembe moja tu, ili minyoo ipate njia ya kupanda. Panga matawi membamba na mabua machache yasiyokatwa, shubiri moja kwenda juu. Hapa mapango yanatakiwa, kwa sababu hewa itaingilia chini na kupanda juu rundo likishapata moto.

Wengi wamefundishwa kuchimba shimo. Maeneo makavu shimo lina faida, kwa kuwa linatunza unyevu. Kwetu mvua ikinyesha shimo linakuwa bwawa, na hapo ndipo ule uji unaonuka unapotoka. Jenga juu ya ardhi.

## Hatua ya 4: Panga matabaka

Simamisha kijiti katikati kabla ya tabaka la kwanza. Kisha fuata mpango huu, kutoka chini:

1. Mabua yaliyolowa: shubiri moja.
2. Majani mabichi: nusu shubiri.
3. Mbolea ya boma: unene wa vidole vitatu.
4. Konzi kadhaa za udongo mweusi, zikirushwa kama unapanda wimbi.
5. Majivu kidogo sana, kama unavyonyunyiza chumvi.
6. Maji.

Rudia mara nne. Rundo litafika takriban mita moja na nusu kwenda juu. Lisipofika mita moja kila upande halitaweza kutunza joto lake, na lisilo na joto haliui mbegu za magugu.

Kwa nini vipimo hivyo? Vijidudu hula kaboni kama sisi tunavyokula ugali, na naitrojeni ndiyo mboga. Vinafanya kazi vizuri zaidi vikipata sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Mabua peke yake yako karibu na 60 kwa moja: ugali mkavu usioteremka. Mbolea ya kuku iko karibu na 10, na ikizidi utasikia harufu kali ya kuchoma pua. Hiyo ni naitrojeni yako ikiruka hewani.

Alizeti ya pori inastahili neno zaidi. Katika kilo 100 za majani yake makavu kuna takriban kilo 3.5 za naitrojeni, kilo 4.1 za potasiamu na kilo 0.37 za fosforasi, na watafiti waliifanyia majaribio humuhumu magharibi mwa Kenya kwa sababu imejaa kando ya njia na kwenye nyua. Haihitaji kununuliwa. Kata majani na vilele vilaini, acha shina gumu lichipue tena. Usiikate ikiwa na mbegu zilizokomaa, utaipanda shambani bila kutaka. Na kama ua ni la jirani, mwombe. Nimeona ugomvi mkubwa ukiwashwa na ua lililokatwa bila kuulizwa.

Majivu yakizidi nayo hufukuza naitrojeni. Ndiyo maana nimesema gorogoro moja kwa rundo zima.

## Hatua ya 5: Pima maji kwa ngumi

Mwagia kila tabaka, usingoje kumwagia juu mwishoni. Maji ya juu hulowesha shubiri moja, huku moyo wa rundo ukibaki mkavu kama ghala.

Ukifika katikati, chota mchanganyiko wa mkono mmoja na uukamue kwa nguvu.

- Maji yakichuruzika kati ya vidole, umezidisha. Ongeza mabua makavu.
- Yakitoka matone mawili matatu na donge likabaki limeshikana, ndipo penyewe.
- Donge likisambaratika ukifungua kiganja, bado jerikeni.

Mzee mmoja wa Emuhaya alinibishia kwamba rundo lake limelowa, kwa kuwa alilimwagia mwenyewe kila jioni kwa mwezi mzima. Tulipolifungua, chini ya ganda la juu vumbi lilitimka. Tulilibomoa lote, tukalijenga upya siku hiyohiyo kwa jerikeni 11, na siku ya nne kijiti chake kilitoka cha moto. Vifaa vilikuwa vilevile.

## Hatua ya 6: Funika

Paka udongo mwembamba juu na pembeni, kisha funika kwa majani ya ndizi au magunia. Kifuniko huzuia jua lisikaushe na mvua isilemaze. Usitumie karatasi ya nailoni iliyobana, hewa itakatika. Kama huna kingine, iinue juu ya vijiti kama paa.

Tikisa kijiti cha katikati ili kiache nafasi kidogo pembeni yake. Hicho ndicho kipimajoto chako na bomba lako la hewa.

## Hatua ya 7: Siku tano za kwanza

Siku ya tatu au ya nne chomoa kijiti na ushike ncha iliyokuwa katikati.

Cha moto hadi huwezi kukishika ukihesabu kumi, na kina unyevunyevu: umefaulu. Moyo wa rundo uko kati ya nyuzi 55 na 65, joto linaloua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa likidumu siku kadhaa.

Cha moto lakini kikavu, chenye ukungu mweupe kama majivu: maji yanakwisha. Toboa matundu kwa kijiti na umimine jerikeni 2 au 3 polepole.

Baridi na kikavu: rudi hatua ya 5. Bomoa na ujenge upya siku hiyohiyo.

Baridi na chenye maji, kinanuka: hewa hakuna. Bomoa, changanya mabua makavu, jenga tena bila kushindilia. Mtoto asipande juu ya rundo kucheza, ataibana hewa yote nje.

Baridi, unyevu uko sawa, hakuna harufu: mboga imekosekana. Ongeza alizeti ya pori au mbolea ya kuku unapojenga upya.

Kubomoa kunaumiza, najua. Lakini rundo ambalo halijapata joto siku ya saba halitalipata siku ya sabini.

## Hatua ya 8: Geuza

Baada ya wiki mbili hadi tatu joto litashuka na rundo litakuwa limebonyea. Hiyo ni ishara kwamba hewa ya ndani imetumika. Vaa gambuti, funga leso puani kwa sababu ukungu wa rundo si mzuri kwa mapafu, na uingize jembe la meno kwanza, mkono baadaye. Nyoka hupenda joto hilo.

Kilichokuwa nje kiingie ndani, kilichokuwa ndani kitoke nje, cha juu kiende chini. Bila hivyo pembeni hapataiva kamwe, na mbegu za magugu zilizoko huko zitakufuata shambani. Fanya kipimo cha ngumi tena, mwagia panapohitaji, rudisha kijiti na kifuniko.

Joto litapanda tena ndani ya siku chache, japo si kama la kwanza. Geuza mara ya pili baada ya wiki tatu nyingine. Watu wawili humaliza asubuhi moja kabla jua halijawa kali. Kama huna mwenzio wa kushirikiana, jenga rundo la mita moja badala ya moja na nusu, maana rundo kubwa lisilogeuzwa ni hasara kuliko dogo linalotunzwa.

Baada ya hapo liache litulie wiki nne hivi, likiwa na unyevu kidogo.

## Hatua ya 9: Hakikisha imeiva

Mboji iliyoiva ni nyeusi au kahawia iliyokolea, inavunjika mkononi, na inanukia kama udongo wa msituni baada ya mvua. Haina joto. Rundo limebaki nusu ya kimo chake au chini ya hapo. Vipande vichache vya bua vikionekana si kitu, vichunge na uvirudishe kwenye rundo linalofuata.

Usiamini macho peke yake. Jaza mboji kwenye kopo, jaza udongo wa kawaida kwenye kopo lingine, panda maharagwe matano kila moja na uyamwagilie. Baada ya siku nane linganisha. Maharagwe ya kwenye mboji yakiota na kuwa ya kijani kama wenzao, tumia. Yakigoma, au yakiota yakiwa ya manjano, iache wiki mbili zaidi. Mboji mbichi hunyang'anya mche naitrojeni, na hapo ndipo mtu husema "mboji iliniharibia mahindi."

## Hatua ya 10: Ipeleke shimoni

Usiimwage shamba zima kama unarusha mbegu za wimbi. Rundo moja halitoshi kwa hilo. Weka konzi mbili katika kila shimo la mahindi, changanya na udongo, ndipo udondoshe mbegu.

Piga hesabu kabla ya kuahidi majirani. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25, ekari ina mashimo zaidi ya 21,000. Rundo hili litakupa karibu tani moja, na konzi mbili ni takriban gramu 200, hivyo mboji yako itafika mashimo 5,000 hivi, robo ekari kasoro kidogo. Anayetaka ekari nzima ajenge marundo manne au matano. Afadhali robo iliyoshiba, na mwakani uhamie robo nyingine.

Na niseme wazi: udongo mwingi wa magharibi mwa Kenya una asidi na una upungufu wa fosforasi. Ng'ombe aliyelishwa majani ya udongo huo atatoa mbolea yenye upungufu uleule. Mboji itaufanya udongo ushike maji na virutubisho, lakini huenda bado ukahitaji chokaa au mbolea kidogo yenye fosforasi. Pima udongo, maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, iliyoko Kabete hufanya kazi hiyo, ujue unachokosa badala ya kubahatisha.

Beba mboji asubuhi au jioni na uifukie siku hiyohiyo, jua lisiikaushe. Usimalize yote. Karai mbili zibaki kwenye gunia kivulini, zikiwa na unyevu, kwa sababu mahindi ya Agosti yakishavunwa hizo ndizo utakazorusha juu ya tabaka la kwanza badala ya udongo wa chini ya migomba.